Vimea vya Ndege wa Yaya Pascal

Wiki iliyopita nilisahau choroko kwenye bakuli. Nilikuwa nimeziloweka ili nizipike na nazi, kisha kazi zikanizidi, nikazifunika kwa sahani na kuzisukuma nyuma ya birika. Nilipokuja kuzifunua, harufu ilinipanda puani kabla macho hayajaona kitu: harufu mbichi, ya majani na ya vumbi lililonyeshewa, yenye uchachu kidogo mwishoni. Choroko zilikuwa zimetoa mikia myeupe. Mama yangu, ambaye sasa anakaa nami hapa Kensington, Johannesburg, alikuwa mezani akichambua mchicha. Aliinua kichwa, akanusa, halafu akainama tena. Nilizimwaga zote kwenye pipa la nje na kufungua madirisha, ingawa kulikuwa na baridi. Jioni tulikula mayai.

Harufu hiyo ni ya chumba kimoja cha La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, nilikokulia. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Mreno tuliyemwita Mzee Manuel. Baba alikuwa mlinzi kwenye geti la maduka. Mama aliweka cherehani karibu na mlango, mahali penye mwanga, akawashonea wanawake wa kanisani na majirani. Mimi nilikuwa wa umri wa meno ya mbele kung'oka. Na alikuwepo kaka yangu, yaya Pascal. Kwetu Lubumbashi, kule Kongo walikotoka wazazi, kaka mkubwa huitwa yaya. Najua kwa Waswahili wengine yaya ni mlezi wa watoto wa watu, na nikifikiri vizuri hata maana hiyo ilimfaa, maana wazazi wakiwa kazini ni yeye aliyebaki na mimi, yeye kitandani na mimi miguuni pake.

Alikuwa kijana mrefu aliyekonda, macho yake yakiwa na umanjano kama wa karatasi ya zamani. Alizaliwa na ugonjwa wa damu ambao nasikia Afrika Mashariki siku hizi wanauita selimundu. Sisi tuliuita es-es, kwa herufi zilizoandikwa na daktari wa Lubumbashi yaya alipokuwa mchanga, na wazazi walizitamka kwa sauti ya chini. Kwa masikio yangu ilikuwa ile sauti mtu anayoitoa akimnyamazisha mtoto: sss, sss. Niliamini kabisa kwamba ni ugonjwa unaotaka kimya. Ndiyo maana redio ilipunguzwa yaya akizidiwa, na ndiyo maana wageni waliongea kwa kunong'ona. Nikiangusha sufuria, nilikimbia kumtazama yaya usoni nione kama nimemwongezea ugonjwa. Yeye hakujua kwa nini namkodolea macho, akawa anacheka.

Maumivu yalimjia kwenye mifupa, hasa wakati wa baridi, na baridi ya Johannesburg si ya kuchezea. Asubuhi za Julai majani ya uani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na bomba la nje halikutoa maji mpaka jua lilipoligonga. Shule aliikosa mara nyingi kuliko alivyokwenda. Alilala chini ya mablanketi na chupa ya mpira ya maji ya moto, akitazama ukuta wa uani kupitia dirisha, na kila aliyeingia alimwambia jambo lile lile. Mama akiingia: "Pumzika, Pascal." Baba akirudi kazini: "Umepumzika leo?" Mchungaji akija kuomba: "Acha mwili upumzike, mwanangu." Neno hilo lilikuwa la nyumbani kwetu kama chumvi.

Mzee Manuel aliishi peke yake. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wake wamehamia mbali, na nyuma ya gereji alikuwa na tundu refu la waya lililojaa chiriku wa manjano. Asubuhi moja alikuja mlangoni kwetu ameshika kitundu kidogo kilichofunikwa kwa taulo. Alipoivuta, tuliona kasuku wawili wadogo, wa aina ambayo hapa huitwa baji, dume wa kijani na jike wa bluu, wamebanana kwenye kijiti kimoja.

"Huyu kijana anahitaji kitu cha kutazama zaidi ya ukuta," alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata.

Mama alimshukuru. Baba, aliporudi, alivitazama vile viumbe kwa muda mrefu bila kuvua kofia, akauliza nani atasafisha. Nikasema mimi. Yaya alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye waya za tundu.

Haikupita muda, baba akarudi kutoka kliniki na neno la daktari: vumbi la manyoya halifai kwa kifua cha mgonjwa, ndege watoke chumbani. Yaya aliomba, mama akamwombea, baba akakataa. Tundu likatundikwa nje, kwenye kibaraza mbele ya dirisha, na siku za baridi kali likaingizwa jikoni likafunikwa shuka. Kwa hiyo ndege walikuwa wake, lakini hakuweza kuwashika. Aliwaona kupitia kioo tu. Hapo ndipo Mzee Manuel, kwa kumhurumia nadhani, alipokuja kumfundisha kuotesha mbegu.

"Mbegu kavu inawaweka hai tu," alisema, akaketi pembeni ya kitanda na chupa ya jemu magotini. "Mbegu iliyoota inawapa raha."

Nitaeleza jinsi tulivyofanya, kwa sababu mikono yangu bado inakumbuka. Uwele mweupe na mwekundu, na shayiri kidogo, ulimiminwa kwenye chupa ukajazwa maji, ukalala humo mpaka asubuhi. Mdomo wa chupa tuliufunga kwa kipande cha soksi ya nailoni ya mama na mpira wa kufungia. Asubuhi maji yanamwagwa yakiwa na rangi ya chai hafifu, mbegu zinasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, kisha chupa inalazwa kichwa chini ili ichuruzike. Jioni unasuuza tena. Na kila ukisuuza, unanusa. Ikinukia majani, ni sawa. Ikinukia uchachu au ukiona nyuzi za ukungu, unamwaga zote, huchagui, kwa sababu ukungu kidogo tu unaweza kumuua ndege. Baada ya siku chache kila punje inatoa kimea, kijimkia cheupe kisichozidi urefu wa punje yenyewe, na hapo chakula kiko tayari.

Mimi nilikuwa miguu, yeye alikuwa pua. Nilipeleka chupa bombani na kuirudisha, yeye akafungua, akafumba macho, akanusa kama mzee anayeonja divai. "Kuya unuse na wewe, kadada," aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu, yaani njoo, dada mdogo. "Unasikia nini?" Mimi nilizaliwa hapa, na wakati ule Kiswahili nilikisikia vizuri lakini nilijibu kwa Kiingereza cha shuleni au kwa Kizulu cha barabarani. Yaya hakunikubalia. Nikisema kwa Kiingereza, alijifanya kiziwi. "Sema: imechacha. Sema: imeota. Sema: bado." Kiswahili nilicho nacho leo, sehemu kubwa nilikipata pembeni ya kitanda kile, mikono ikiwa imelowa.

Kulikuwa na tatizo la baridi. Mbegu zinataka joto, na kwenye vyumba vyetu joto lilikuwa mahali pamoja tu. Yaya alianza kuilaza ile chupa chini ya blanketi lake, kati ya ubavu na chupa ya maji ya moto. Mama alipogundua alisema atalowesha godoro. Alilowesha kweli, mara kadhaa. Lakini mbegu ziliota haraka, na asubuhi nilipofunua blanketi kuitoa, harufu ile ilitoka pamoja na harufu ya yaya mwenyewe, ya jasho la homa na mafuta ya kuchulia. Mpaka leo siwezi kuzitenganisha.

Ndege walivipenda vile vimea kupita kiasi. Yaya aliketi kitandani, blanketi mabegani, akiwatazama kupitia kioo wakigombania kibakuli, akawapigia mluzi. Alikuwa na mluzi wake, sauti mbili, ya pili imeshuka chini kidogo, kama mtu anayeita jina fupi. Mluzi huo huo ndio aliomwitia mama alipozidiwa, kwa sababu kupaza sauti kulimchoma kifua. Tukisikia mluzi, mama aliacha kitambaa kikining'inia kwenye cherehani. Siku moja aliingia mbio akamkuta yaya amekaa vizuri anakula chungwa. Mluzi ukasikika tena, na mdomo wa yaya ulikuwa umejaa. Alikuwa yule dume wa kijani, huko nje. Mama aliketi chini sakafuni akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Ni moja ya mara chache nilizomwona akicheka kwenye nyumba ile.

Kwa sababu wazazi wangu walikuwa wanavutana. Kati ya chumba chetu na chao kulikuwa na pazia, na jioni baba akila nilisikia kila kitu.

"Turudi nyumbani," mama alisema. "Baridi ya huku itamuua mtoto."

"Na akizidiwa kule?"

"Kule kuna jua."

"Jua si damu," baba alisema. "Hapa akizidiwa, damu ya kumwongezea ipo hospitalini. Umesahau mtoto wa dada yako? Tulimzika tukiwa bado tunatafuta damu."

Kijiko kiligonga sahani. Nilimtazama yaya gizani nikidhani amelala, naye akaniambia polepole, "Usiwasikilize. Wote wawili wanasema kweli."

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuja mapema. Krizi, yale maumivu makali ya es-es, ilimpata yaya asubuhi, mama alipokuwa anachemsha maji. Safari hii hakupiga mluzi. Nilimkuta amejikunja, anapumua kwa juu juu kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, midomo yake ya rangi ya majivu. Mzee Manuel alitoa gari lake la zamani. Baba alimbeba yaya, na miguu mirefu ya yaya ilining'inia ikagonga fremu ya mlango. Kabla hawajamtoa, alinitafuta kwa macho.

"Mbegu," alisema. "Asubuhi na jioni. Na uzinuse."

"Nitazinusa."

"Zikichacha?"

"Namwaga zote. Sichagui."

Alitikisa kichwa kuridhika, kisha wakamtoa.

Watoto wadogo hawakuruhusiwa wodini. Mama alishinda huko, baba alipitia huko akitoka kazini, na mimi nikitoka shule nilipikiwa na Mama Riziki, jirani wa upande wa pili wa uani, mjane wa Kalemie aliyekuwa akisuka nywele. Chupa ya kwanza niliiharibu. Bila joto la yaya mbegu zilikaa tu, kisha zikanuka, nikazimwaga nyuma ya choo nikilia kwa hasira. Ya pili niliilaza kitandani mwangu. Niliijazia maji ya moto ile chupa ya mpira kama nilivyomwona mama akifanya, nikalala katikati ya chupa zote mbili bila kugeuka. Baba akirudi nilimwuliza yaya ameamkaje. Alijibu, "Anapigana." Jibu hilo lilinifurahisha, nikamwona yaya amekunja ngumi. Nikamwambia baba amwambie kwamba mbegu zimeanza kupasuka.

Asubuhi mbegu zilipotoa mikia, zote, nzuri, sawasawa kama zimepimwa, mama alirudi. Alishuka kwenye gari la Mzee Manuel, akatembea mpaka mlangoni, akashika kizingiti. Viatu vyake vilikuwa vimevaliwa vibaya, cha kulia mguu wa kushoto. Nilikuwa jikoni na chupa mkononi.

"Yaya wako amepumzika," alisema.

Nilifurahi. Sina namna ya kulipamba jambo hili. Kwa miaka yangu yote neno lile lilikuwa na maana moja: maumivu yamepungua, amelala, tutembee polepole. Nilimwambia mama, "Ni vizuri, alikuwa amechoka," naye akanitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, akapita akaingia chumbani.

Kisha watu wakaanza kuja. Walitoa vitanda nje, wakaegemeza cherehani ukutani, wakatandika mikeka. Wanawake wa kanisani waliingia mmoja mmoja, wakaketi chini wakiwa wamefunga vitambaa kichwani. Wanaume walikaa uani kwenye makreti ya soda, na mmoja akawasha moto ndani ya pipa. Nilidhani tunajiandaa kumpokea yaya. Kitu kimoja tu kilinisumbua, kwamba walikuwa wamekitoa kitanda chake, nikawaza atalala wapi akirudi. Nyimbo zilipoanza, nilikwenda kumwomba Mama Riziki waimbe taratibu, kwa sababu ya es-es. Alinivuta akanikumbatia.

Jioni ilikuwa saa ya kusuuza. Nilipita katikati ya miguu ya watu na chupa yangu, nikisema samahani, samahani. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinishika gauni.

"Unafanya nini, mtoto?"

"Nasuuza chakula cha ndege. Yaya akirudi atataka kukinusa."

Wimbo ulikatika upande ule wa mkeka, kisha ukakatika wote. Mama alikuwa kwenye kona, amejifunika uso kwa kanga, na kanga ikaanza kutetemeka. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akanishika mkono, tukatoka mpaka bombani, akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa bado amevaa sare ya kazi.

"Mama alikuambia nini?"

"Yaya amepumzika."

Baba alifumba macho. Alipoyafumbua, alinitazama sawasawa, kama alivyowatazama watu wazima.

"Pascal amekufa," alisema. "Hatarudi. Umesikia nilivyosema?"

Nilisema nimesikia. Hatukulia, yeye wala mimi. Nakumbuka baridi ya chupa kwenye vidole vyangu, na moshi wa pipa. Nilimwuliza kama nizisuuze mbegu au basi.

Aliitazama ile chupa kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Zisuuze," alisema. "Ndege wako hai."

Akafungua bomba mwenyewe, akanishikia chupa.

Tulimzika hapa hapa, kwenye makaburi makubwa ya kusini, udongo mwekundu, upepo unasukuma maua ya plastiki kutoka kaburi moja hadi jingine. Mama alitaka arudishwe Lubumbashi, lakini haikuwezekana. Baada ya matanga watu walirudisha vitanda, wakaenda zao, na nyumba ikabaki na kimya ambacho nilikuwa nimekidhani ni cha ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa umeondoka na kimya kilikuwa bado kipo.

Mama hakumlaumu baba kwa maneno. Alichukua mabaki ya vitambaa vya kushonea akaanza kuziba nyufa za dirisha la chumba cha yaya, akivichomeka kwa kisu cha mezani, kimoja baada ya kingine, mpaka upepo usipate pa kupita. Baba alisimama nyuma yake akimtazama. Aliinua mkono kama anataka kumgusa bega, akaushusha, akaenda kazini.

Na baba, aliyekuwa hawataki wale ndege, alianza kuamka mapema kunisaidia. Hakujua chochote. Alimimina mbegu nyingi mno, alisahau soksi, punje zikamwagika chini ya bomba. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. "Nusa, papa." Akainamisha pua yake kubwa mdomoni mwa chupa, akanusa kwa makini, akaniuliza kwa unyonge, "Ni nzuri hii?" Tulikuwa hatujawahi kufanya kitu pamoja, mimi na yeye. Nilianza kuzipenda asubuhi zile, na kuzipenda kulinitia aibu.

Lakini yule dume wa kijani hakujua kwamba mtu amekufa. Aliendelea kupiga mluzi wa yaya, sauti mbili, ya pili imeshuka. Aliupiga asubuhi akiona chupa, aliupiga mchana bila sababu. Na kila aliposikia, mama aliinuka. Hakuwa mjinga, alijua ni ndege. Mwili wake ndio uliokuwa haujui. Mguu uliacha pedali ya cherehani, kiti kikasukumwa nyuma, anafika mlango wa chumba kile kabla hajakumbuka. Kisha anarudi, anaketi, anatafuta mshono alipouachia. Nilimwona akifanya hivyo mpaka nikajifunza kutazama pembeni. Baba alihamisha tundu mbali, upande wa gereji. Mluzi ulifika.

Ilikuwa Agosti, wakati upepo unapoleta vumbi la manjano kutoka kwenye vilima vya migodi ya zamani na meno yanatafuna mchanga. Nilirudi kutoka shule nikakuta tundu liko mezani, mlango wake wazi, ndani mna kibakuli na manyoya machache. Mama alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani.

"Nimewaachilia," alisema. "Wamefungwa vya kutosha. Na wao wawe na mbingu yao."

Uso wake ulikuwa mtulivu, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nami nilijua, kwa sababu yaya alikuwa ameniambia mara nyingi nilipokuwa nikifungua kile kimlango kuweka chakula: hawa walizaliwa ndani ya waya, nje hawajui maji yako wapi, hawamjui kipanga, ukiwaacha watoke umewaua. Nilijua vilevile baridi itakayoshuka jioni ile. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nilimtazama mama nikayameza.

"Walienda upande gani?" niliuliza.

"Kule kwenye miti mikubwa. Pamoja."

Mzee Manuel alipoambiwa, alichukua kofia yake akatoka barabarani. Nilimwona kupitia geti akitembea polepole chini ya miti, kichwa juu, akipiga mluzi kila baada ya hatua chache. Alirudi jua likiwa linazama, pua nyekundu kwa upepo, akasimama mlangoni kwetu.

"Nimewaona, mama," alisema. "Wako bustanini, na ndege wengine. Wanakula vizuri."

Mama alimshukuru. Mzee hakunitazama, na kwa hilo nikajua. Baba alikuwa amesikia yote akiwa anavua viatu. Yeye aliyeniambia ukweli bombani, sasa aliendelea kufungua kamba za viatu vyake, akasema tu, "Ni vizuri." Vimea vilivyokuwa vimebaki kwenye chupa nilimpelekea Mzee Manuel kwa ajili ya chiriku wake. Alivipokea kwa mikono miwili.

Hatukukaa sana La Rochelle baada ya hapo. Baba alifariki nikiwa mtu mzima, kwa ugonjwa mwingine, na hatukuwahi kulizungumza jambo la wale ndege. Mama amezeeka, magoti hayamtii, na saa za jioni nampeleka barazani na blanketi atazame barabara. Hapa Kensington kuna ndege wa kijani wanaopita makundi makundi jua likikaribia kuzama, wakipiga kelele kama watoto waliotoka shule. Si baji. Ni wakubwa, wana mikia mirefu na midomo myekundu, na wanastahimili baridi kama wenyeji.

Juzi walipita wengi kuliko kawaida, wakaujaza mti wa jirani. Mama aliwatazama kwa muda, amekinga macho kwa kiganja.

"Unaona walivyozaana," alisema.

"Naona, mama."

"Ndege wa Pascal hao." Aliendelea kuwachunguza, tawi kwa tawi. "Ila yule wa bluu simwoni. Kila siku namtafuta, simwoni."

Nilimvutia blanketi mabegani.

"Labda anaatamia," nikasema.

Mama alishusha mkono.

"Labda," alisema. "Jike akiatamia hatoki."